Kwa mwalimu wa Newala aliyeombwa kuwa jaji

Mwalimu mwenzangu, hongera. Unasema hujawahi kuwa jaji wa mashindano ya hotuba, na kati ya watakaopanda jukwaani yumo mpwa wako. Hilo la mpwa limalize leo: mwambie mratibu, na zamu yake ikifika weka kalamu chini, wengine wampe alama.

Kazi ni msemaji wa kwanza. Ukimpa 90 kati ya 100, atakayemzidi utampa nini? Mimi huanzia 70, kisha napanda au kushuka. Andika sababu pembeni ya kila alama, maana wazazi watakuja tu.

Lafudhi usiiadhibu. Mwaka juzi, Masasi, binti mmoja alisema "kolosho" badala ya "korosho" mwanzo mpaka mwisho, jaji mwenzangu anakata alama tu. Lakini ndiye pekee aliyeeleza stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza korosho, kama anamwelekeza bibi yake: mzigo unapimwa, unaingia ghalani, wewe unapewa karatasi, hela baada ya mnada. Wenzake walikariri, macho darini. Tulibishana hadi chai ikapoa.

Saa ashike mtu asiyetoa alama.