Kwa nini wengine tupewe vidonge visivyo na dawa?

SWALI: Mimba yangu ina wiki 12. Kliniki wameniambia nina hatari ya kupata kifafa cha mimba, wakaniomba nijiunge na utafiti wa dawa mpya ya kukizuia. Fomu inasema nusu yetu tutameza vidonge visivyo na dawa, na hata daktari hatajua nani kapewa kipi. Si bora watupe dawa sote? Na nikishatia saini, naweza kujitoa?

JIBU: Ingejulikana kwamba dawa inafanya kazi, utafiti usingehitajika. Tangu miaka ya 1940 wajawazito wengi Marekani walipewa homoni iitwayo DES ili mimba zisiharibike. Waliojifungua salama waliisifu, ingawa wengi wao wangejifungua salama hata bila hiyo. Mwaka 1953 matokeo ya Chicago yalilinganisha wanawake 840 waliomeza DES na 806 waliomeza vidonge vitupu: haikusaidia. Hata hivyo madaktari waliendelea kuiandika. Mwaka 1971, huko Boston, wasichana 8 wenye saratani adimu ya uke walichunguzwa. Mama za 7 kati yao walikuwa wameimeza wakiwa na mimba zao. Kwa hiyo uliza pia kama mtoto atafuatiliwa, na kwa muda gani.

Daktari hufichwa kwa sababu akijua nani kapewa dawa, bila kukusudia atampima presha kwa jicho jingine.

Sasa lililo zito kwako. Aspirini ilishapimwa kwa njia hiyohiyo. Katika matokeo ya mwaka 2017, wajawazito wenye hatari kubwa walimeza miligramu 150 kila usiku, wakianza kati ya wiki ya 11 na ya 14 na kuendelea mpaka wiki ya 36. Waliopata presha ya mimba inayotangulia kifafa cha mimba, na kulazimika kujifungua kabla ya wiki 37, walikuwa 13 kati ya 798. Kwa waliomeza vidonge vitupu, 35 kati ya 822. Basi usiulize tu kama utapewa kidonge kitupu. Uliza: “Aspirini nitapewa, niwe kundi lolote?” Kidonge kitupu kinapaswa kuongezwa juu ya matibabu ya kawaida, si kushika nafasi yake. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, usisaini siku hiyo. Nenda na fomu nyumbani.

Kujitoa unaweza, wakati wowote, bila kueleza sababu, na huduma ya kliniki haipaswi kupungua. Katika utafiti huo wa aspirini waliingia 1,776, na 152 kati yao wakaondoa ridhaa yao.

Ukiingia, vidonge vinavyobaki virudishe, maana vinahesabiwa. Ukisahau dozi, sema. Kuna wanaovimwaga chooni ili waonekane watiifu, na hapo dawa nzuri huonekana haifai.

Ukiumwa kichwa kisichopoa, ukaona maruwerue, ukasikia maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, au uso ukavimba ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usingoje tarehe ya utafiti. Beba kadi ya mshiriki yenye namba ya simu ya dharura. Ikilazimu, wahusika wanaifungua siri ya kundi lako ili daktari wa zamu ajue umemeza nini.