Jibu: Yurea inaingia, moshi haubadiliki

Habari ndugu. Unasema tanuri lenu la taka za hospitali hapo Eneo la Viwanda linanyunyiziwa yurea, kemikali ya kupunguza oksidi za nitrojeni (gesi chafu za moshi), lakini oksidi hizo hazishuki, na bomba linanuka amonia.

Anza kupima joto pale hasa ilipo nozeli, yaani mdomo unaonyunyizia yurea. Yurea hufanya kazi takriban kati ya nyuzi 850 na 1,050 za Selsiasi. Chini ya hapo amonia inayotokana na yurea hupita bure, juu yake huungua na kuzaa oksidi zilezile. Kwetu kipima joto kilikuwa karibu na kichomeo cha dizeli, nozeli mbali, moshi umeshapoa. Tulimwaga yurea bure wiki nzima! Tulipoisogeza nozeli penye joto, harufu ikaisha. Harufu yenu nayo nashuku inatokana na moshi uliopoa mno.

Kisha punguza kidogokidogo hewa ya ziada (inayozidi mahitaji ya moto), ukiangalia monoksidi ya kaboni isipande. Na vijana wa zamu wapewe barakoa zenye kichujio cha amonia, tafadhali.