Udalali wa fleti za kodi nafuu: malizaneni mgao kabla ya kupanda ngazi

Kama unaingia kwenye udalali wa nyumba hapa Unguja, jambo la kulimaliza mwanzo ni mgao wa malipo ya udalali. Kawaida yetu mjini ni kodi ya mwezi mmoja, anatoa mpangaji. Mwenye nyumba akiwa na dalali wake na mteja ana wake, hiyo ni nusu kwa nusu. Ugomvi huanza kwa yule asiye na nyumba wala mteja, ila amesikia kuna fleti inatoka akapiga simu. Naye anataka chake. Mimi humtolea chake kwenye fungu la dalali aliyepigiwa simu, na kiasi chake kinatajwa kabla mteja hajaoneshwa mlango. Mkishafika ghorofa ya nne kila mtu ana hesabu yake, na mteja kasimama kwenye ngazi anawasikiliza mnavyovutana.

Kwenye fleti za Serikali ndiyo nasisitiza zaidi. Kodi nafuu, basi udalali nao mdogo. Chukua nyumba ya 150,000 kwa mwezi: mkiwa wanne, kila mmoja anaondoka na 37,500. Hapo ndipo mtu anapoweka cha juu. Mteja anaambiwa 180,000, analipa miezi sita kwa mpigo, na ile 30,000 ya kila mwezi inafika 180,000, kupita udalali wote mliogawana! Anayeumia ni mwalimu aliyehamishiwa mjini na mshahara wake uleule. Majumba ya Michenzani, fleti za Serikali hapa mjini, yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ili watu wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, wapate makaazi bora. Hawakujengewa madalali.

Kwa hiyo cha juu sikikubali. Mteja namkutanisha na anayepangisha, kodi aisikie kwake mwenyewe.

Kama nyumba ni ya Shirika la Nyumba la Zanzibar, naomba kwanza kuuona mkataba. Jina likiwa si la anayenipa funguo, siigusi hata nikiahidiwa udalali mara mbili. Siku mpangaji akitolewa, atakayetafutwa ni mimi niliyempeleka.

Pesa apokee mmoja, amwandikie mteja risiti, agawe siku hiyohiyo wote mkiwapo. Halafu mpeleke mpangaji kwa sheha, kiongozi wa Serikali wa eneo hilo, akajitambulishe. Kwa hilo halipwi mtu, lakini mimi hulifanya siku ileile anayokabidhiwa funguo.