Mzee wa Yorkshire hakosei

Mwanangu Amina,

Barua yako nimemsomea mama yako, tumecheka mpaka machozi. Eti umemuuliza mgonjwa wako panamuuma wapi, akajibu "nowt", nawe ukaenda kuuliza wenzako wodini hicho ni kiungo gani cha mwili! Sasa wataka kujua kama Kiingereza nilichofundisha miaka yote ile kilikuwa cha uongo, au ni huyo mzee wa Yorkshire, huko kaskazini mwa Uingereza, anayekiharibu.

Haharibu kitu. "Nowt" ni hakuna kitu. Kiingereza cha kale kilikuwa na neno "nawiht", na hilo ndilo lililozaa pia "not", ambayo waitumia kutwa bila kuistaajabia. Ni ndugu wa tumbo moja: mmoja alipelekwa shule, mwingine akabaki shamba.

Mengine yaliletwa na wageni. Jeshi la Wadenmaki liliuteka mji wa York mwaka 866, na baadaye wengi wao wakalowea pande hizo. Ndiyo maana ukisikia watoto "wanalaik" huko, wanacheza tu. Waswidi hadi leo husema "leka". "Ey up" ni salamu, ijibu vivyo hivyo. Na hiyo "love" anayokuita isimtie wivu mumeo. Huko hata wanaume huitana hivyo.

"By gum" anayoguta ukimdunga sindano ni "wallahi" iliyofunikwa. Waliogopa kulitaja jina la Mungu ovyo, wakalipinda. "Blimey" ya London nayo ilikuwa apizo zima: Mungu anipofue! Sisi wallahi twaitoa wazi, hata kwa bei ya nazi.

Msome Joseph Wright. Alizaliwa huko huko Yorkshire mwaka 1855, akafanya kazi kiwandani tangu utotoni, na kusoma hakukujua mpaka alipokuwa kijana wa miaka 15 hivi. Mtu huyo akaja kuwa profesa Oxford, akayakusanya maneno ya vijijini katika kamusi ya juzuu 6, iliyotoka kati ya 1898 na 1905. Mimi nilipomsoma nilikuwa nimeshachelewa.

Wajua kwamba mwaka 1928 walikutana hapa hapa Mombasa, wakachagua Kiunguja ndicho kiwe Kiswahili sanifu. Nyanyako hakuwa na habari hiyo. Aliendelea na "mato" yake, na njia kwake ikabaki "ndia", nami, mwalimu mpya mwenye kalamu mfukoni, siku moja nikamsahihisha mbele ya wageni: "Mama, ni macho." Alinitazama kwa mato yake hayo, akasukuma sahani mbele yangu. "Haya, ndoo ule."

Kesho ukiingia wodini mtangulie wewe kwa "ey up". Kisha niandikie alivyojibu.

Babako