Karakana ya Wasomaji: Trela la Jeshi Ligeuke la Kambi

Barua nyingi za toleo hili zinahusu matrela yaliyostaafu jeshini. Mawili yanatajwa zaidi: M416 la Marekani, la robo tani, na Sankey la Uingereza, la robo tatu tani. Barua tumezifupisha.

Mafundi, salaam. Nina M416 ninalovuta kwa Jeep Wrangler. Nataka hema la kufungwa juu ya trela, friji, betri, maji, gesi na tairi la akiba. Wenzangu wanasema trela la jeshi halivunjiki, nipakie tu. Ni kweli?
*Msomaji, Minneapolis*

Linavunjika. "Robo tani" hapo ni tani ya Kimarekani, yaani ratili 500, kama kilo 227 za mzigo kwenye njia mbovu. Chuma chochote utakachoongeza, hata cha kubebea hema, kinahesabiwa humo humo.

Chukua karatasi uandike. Hema la juu la watu wawili, kilo 60. Jeri tatu za maji za lita 20, kilo 63 pamoja na plastiki yake. Betri ya risasi na asidi ya 100 Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweka), 28. Friji tupu ya lita 40, 20. Chakula na vyombo, 25. Mtungi wa gesi ya kilo 6 ukiwa umejaa, kama 14. Tairi la akiba na rimu, 30. Fremu ya kubebea hema, mita 10 za bomba mraba 40 kwa 40 lenye unene wa milimita 3, karibu 34. Jumla ni 274, na bado hujaweka kiti wala godoro.

Sasa punguza. Bomba la unene wa milimita 2 linatosha kwa fremu ya hema, maana kinachobeba ni pembe na viungo zaidi ya unene. Umeokoa kilo 10. Betri ya lithiamu ya 100 Ah ina kilo 12 hivi, umeokoa 16. Friji iingie ndani ya gari, 20 nyingine. Jeri moja ya maji nayo ihamie garini, 21. Umefika 207. Nafasi iliyobaki iache kwa matope na hema lililolowa mvua.

Fremu usiichomelee moja kwa moja kwenye bodi. Bati la bodi ni jembamba: joto linalilegeza pale ambapo weldi inaishia, na ufa huanzia hapo hapo. Simamisha miguu minne ya fremu juu ya pleti za sentimita 10 kwa 10, unene milimita 4, weka pleti nyingine kama hizo upande wa pili wa bati, zibane kwa bolti za M10 na nati za kujifunga. Miguu hiyo iwe karibu na chesi kadiri inavyowezekana. Kila tundu utakalotoboa lipake praima na silanti kabla ya bolti kuingia. Bodi la M416 limeundwa lielee majini, na tundu moja lisilozibwa linaharibu sifa hiyo.

Ukishapakia, pima uzito wa shingo, yaani ule unaoelemea ndoano ya gari. Weka mzani wa bafuni chini ya pete ya kuvutia, katikati weka kipande cha mbao, trela likiwa sawa na ardhi. Trela tupu lina kilo kama 260, hivyo likijaa ni karibu 490; tafuta kilo 49 hadi 70 kwenye shingo. Zikipungua, trela litaanza kuyumba mkia kwenye barabara kuu. Sogeza jeri na betri mbele ya ekseli, usiongeze mzigo mpya.

Na mkishalala kwenye hema la juu trela likiwa limefunguliwa kutoka kwenye gari, watu wawili nyuma ya ekseli wanalibinua. Weka miguu miwili ya kuegemea kwenye pembe za nyuma kabla mtu hajapanda ngazi.

Nimeanza kusugua rangi ya kijani kwa grainda na imenichoma koo. Ni rangi gani hii?
*Msomaji, Columbus, Ohio*

Acha grainda leo. Kuanzia miaka ya 1980 jeshi la Marekani limetumia rangi iitwayo CARC, iliyotengenezwa istahimili kemikali za vita. Praima zake za zamani zina kromati, chumvi za kromi zenye sumu, na rangi yenyewe ikiungua hutoa gesi ya aisosaianeti, ambayo pafu likishapata mzio wake halisahau. Trela la kabla ya hapo linaweza kuwa na madini ya risasi kwenye rangi.

Sugua kwa msasa wa maji, sehemu ikiwa imelowa muda wote, ukivaa barakoa ya chujio la P100, linalonasa karibu vumbi lote. Ile ya kitambaa haisaidii. Tope lake likusanye kwenye gazeti, usiliache liingie kwenye mfereji. Mahali pa kuchomelea, ondoa rangi kwa dawa ya kubandulia, sentimita 10 kila upande, ndipo uwashe mashine. Kama rangi imeshika vizuri, usiiondoe kabisa: ikwaruze kidogo kwa maji, pangusa mafuta, paka ya kwako juu.

Habari zenu. Nina Sankey la magurudumu mapana na gari langu ni Land Cruiser ya bolti sita. Matairi hayaingiliani. Fundi wa huku anataka kutoa ekseli ya nyuma ya Hilux kuukuu aifunge kwenye trela. Nimruhusu?
*Msomaji, Nanyuki*

Usimruhusu. Ekseli hiyo inakuja na difu (gia inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu) na gamba lake, uzito ambao trela halina kazi nao, na difu inaning'inia katikati kabisa, pale ambapo mawe ya njia huinuka.

Sankey linatumia rimu za Land Rover za zamani: bolti tano kwenye duara la milimita 165.1. Land Cruiser yako ni bolti sita, milimita 139.7. Una njia tatu. Ya kwanza ni kubeba tairi la akiba la trela peke yake, ambalo ni kilo 30 za bure, lakini hakuna kinachobadilishwa. Ya pili ni adapta za kugeuza bolti tano kuwa sita. Zinasukuma gurudumu nje, hivyo beringi zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, na nati za ndani zinalegea bila kuonekana kwa sababu rimu imezifunika. Ukizichagua, vua magurudumu na uzikaze tena baada ya kilomita 80.

Ya tatu ndiyo tunayoipendelea: agiza ekseli mpya ya bomba yenye habu za 6 kwa 139.7 na dramu za breki, yenye uwezo wa angalau kilo 1,500. Upana wake upime kutoka katikati ya tairi la nyuma la gari hadi katikati ya la pili, si kutoka kwenye ekseli ya zamani. Trela likikanyaga alama zile zile za gari, kwenye tope jeusi gari linavuta trela tu. Likiwa na njia yake, linachimba mifereji miwili mipya na gari ndilo linalolipa.

Kabla hujaagiza, lala chini uangalie pleti za springi. Za jeshi zimepangwa kwa mzigo kamili, kwa hiyo trela lenye kilo 300 tu litaruka kama mpira kwenye mikunjo ya murram. Waweza kutoa pleti moja ya chini, fupi. Ile ndefu ya juu yenye macho usiiguse, na yu-bolti zilizofunguliwa zisirudi: nunua mpya, za zamani zimekwisha kuvutika.

Polisi wa hapa wanaruhusu nivute Sankey kwa Defender bila breki? Nimeambiwa nikate pete ya jeshi niweke kichwa cha tufe la milimita 50.
*Msomaji, Leicester*

Hapo Uingereza trela ambalo uzito wake wa juu kabisa unapita kilo 750 lazima liwe na breki. Sankey linabeba kilo 750 za mzigo peke yake, hivyo limevuka mpaka huo kabla hujaweka kitu. Habari njema ni kwamba breki zake za kusukumwa, zinazoshika trela linapolisukuma gari, zinafufuka.

Inua gurudumu moja kwa jeki, zungusha kwa mkono, kaza kirekebishi cha dramu mpaka ligome, kisha rudisha kidogo mpaka lizunguke kwa mkwaruzo mdogo. Fanya hivyo upande wa pili. Baada ya hapo tu ndipo ushike fimbo na waya za breki uondoe ulegevu. Wengi huanzia kwenye fimbo kwa sababu ndizo zinazoonekana. Breki hushika kwa wiki moja, halafu upande mmoja unaungua. Sukuma kichwa cha kuvutia kwa mwili wako wote: kiingie polepole na kirudi polepole. Kikiingia kwa kishindo, damperi yake imekufa. Funga pia waya wa dharura, ule unaovuta handbreki trela likichomoka njiani.

Pete ya jeshi ina tundu la milimita 76 na inazunguka upande hadi upande, ndiyo sababu trela linaweza kulalia ukingo mmoja na gari mwingine bila kupindana. Tufe la 50 lina kikomo cha kulala upande, na likifika hapo kinachojipinda ni chuma. Kasoro ya pete ni kelele na michubuko, basi: paka grisi, na ukiona ukuta wa pete umelika, badilisha. Kama unataka njia ya changarawe, baki na pete. Kama safari zako ni za lami mpaka kambi yenye choo cha maji moto, tufe litakupa utulivu.

Wakuu, shikamooni. Taa za trela langu zinawaka kama mshumaa. Nimebadilisha waya zote na bado.
*Msomaji, Arusha*

Marahaba. Balbu zako ni za volti 24, mfumo wa jeshi, na gari linakupa 12. Waya hazina kosa. Toa balbu zote uweke za 12: za nyuzi mbili 21/5 wati kwa breki na taa ndogo, 21 kwa indiketa. Soketi ya jeshi yenye pini 12 itoe, funga plagi ya pini 7: namba 1 njano, indiketa ya kushoto, 2 buluu, taa ya ukungu, 3 nyeupe, ethi (waya wa kurudisha umeme), 4 kijani, indiketa ya kulia, 5 kahawia, taa ndogo ya kulia, 6 nyekundu, breki, 7 nyeusi, taa ndogo ya kushoto.

Ethi ndiyo inayosumbua watu. Usitegemee pete na ndoano zipitishe umeme, maana kuna grisi na kutu katikati. Vuta waya mweupe wa milimita za mraba 2.5 kutoka pini 3 hadi kwenye kila taa. Ukiwasha indiketa na taa ndogo zikacheza nayo, ethi imekatika mahali. Ukiweka taa za LED na indiketa ikaenda mbio, fleksha ya gari, kifaa kinachoipepesa indiketa, imedhani balbu imeungua, badilisha fleksha.

Friji ya trela inazimika usiku ingawa tumeendesha saa sita na betri ni mpya. Alternata ni nzima.
*Msomaji, Maskati*

Betri haikujaa. Waya wako una unene gani? Tuseme mita 7 kwenda na 7 kurudi, na mkondo wa ampea 25. Kwenye waya wa milimita za mraba 2.5 zinapotea karibu volti 2.4 njiani. Kwenye wa 6, volti moja. Kwenye wa 16, chini ya 0.4. Weka wa 16, fyuzi ya ampea 50 karibu na kila betri, plagi nene ya ampea 50 nyuma ya gari, na chaja ya DC kwa DC (inayorekebisha volti za gari ziwe za kuchajia betri) ya ampea 25 iwe kwenye trela, pembeni mwa betri inayochajiwa. Chaja ikikaa kwenye gari, upotevu wa njiani unabaki pale pale. Na mchanga wa huko: upepo upunguze kwenye matairi ya trela pia, si ya gari tu. Namba ya upepo iliyo kwenye kibati cha jeshi ni ya mzigo kamili.

Habu moja huwa ya moto kuliko nyingine. Nihofu?
*Msomaji, Dodoma*

Ndiyo, simama. Mara nyingi beringi imekazwa mno. Kaza nati huku ukizungusha gurudumu ili beringi zikae, legeza kabisa, kaza tena kwa vidole tu, ingiza pini mpya ya kufungia nati, ile ya miguu miwili inayokunjwa. Gurudumu liwe na mchezo mdogo sana unaousikia mkononi. Endesha kilomita 20, gusa. Ukivuka mto habu ikiwa ya moto, hewa ya ndani inapoa ghafla na kuvuta maji kupitia sili: subiri dakika 15 ukingoni kabla ya kuingia, na grisi iliyogeuka rangi ya maziwa ioshe yote kwa mafuta ya taa kabla ya kuweka mpya.