Maswali yenu: ya ndege na ya thieta

Mama anafanyiwa upasuaji wiki ijayo. Jirani anasema heri apande ndege mara mia. Ni kweli? (Msomaji, Umoja)

Jirani analinganisha visivyolingana. Abiria wa uwanja wa ndege wa JKIA hupanda ndege akiwa mzima. Mama anaingia thieta, yaani chumba cha upasuaji, kwa sababu tayari anaumwa. Kinacholinganishika ni mazoea ya kazi, na hapo marubani wametangulia.

Daktari bingwa wa miaka ishirini asomewe orodha ya mambo ya kuhakikisha kabla ya kupasua, kama mtoto wa shule? (Daktari, Upper Hill)

Rubani mzoefu husomewa kila safari. Mwaka 1935 ndege ya majaribio ya Boeing ilianguka Marekani kwa sababu rubani hodari alisahau kufungua kifungo cha usukani. Orodha zikazaliwa hapo. Shirika la Afya Duniani lilitoa yake ya thieta mwaka 2008. Ilipojaribiwa katika hospitali za miji minane, Ifakara ya Tanzania ikiwemo, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ila utafiti wa Ontario, Kanada, wa mwaka 2014 haukuona nafuu ya maana. Mimi sishangai: karatasi inayowekwa alama wakati mgonjwa ameshafika wodini haimwokoi mtu.

Nikiona daktari anakosea nimwambieje bila kuonekana sina adabu? (Nesi, Kayole)

Dada, hili ndilo swali lenyewe. Tenerife, kisiwa cha Uhispania, Machi 1977, fundi wa ndege ya KLM aliuliza kama ndege ya Pan Am ilikuwa imeshaondoka kwenye njia ya kurukia. Nahodha akajibu kwamba imeondoka, akaendelea kuchapa mbio. Ndege hizo mbili ziligongana, wakafa watu 583. Nasi tuna msiba wetu: ripoti ya KQ507, ndege ya Kenya Airways iliyoanguka Douala, Kameruni, mwaka 2007 na kuua wote 114, ilitaja marubani kutoshirikiana.

Baada ya Tenerife mashirika yalianza kuwafunza wadogo kusema na, jambo gumu zaidi, wakubwa kusikiliza. Kwa hiyo mzigo si wako peke yako. Orodha ya thieta inataka kila mmoja ataje jina na kazi yake kabla ya kisu, na aliyekwisha kutoa sauti mara moja haoni ugumu kuitoa tena. Ukifika wakati, taja jambo, usimtaje mtu: “Daktari, pamba moja haijaonekana, tusifunge.” Asipojibu, rudia kwa sauti. Heshima ya Kiafrika haijawahi kukataza kumwambia mzee kwamba kanzu yake inaungua.

Mwaka 2018 Hospitali ya Kenyatta walimpasua kichwa mgonjwa ambaye hakuwa wa kupasuliwa, watu wakasimamishwa kazi. Haki haikutendeka? (Msomaji, Kariobangi)

Hasira tuliielewa sote. Lakini mgonjwa hupita mikono mingi kabla ya kisu, na ukimfukuza mmoja, njia iliyomfikisha mezani inabaki vilevile. Kanuni za kimataifa za uchunguzi wa ajali za ndege zinasema lengo ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Mzembe wa kusudi ashtakiwe, sawa. Aliyekosea kwa bahati mbaya akijua atafukuzwa, ataficha, na kosa lile litamngoja mgonjwa wa kesho.

Mgonjwa mwenyewe afanye nini? (Msomaji, Rongai)

Kabla ya dawa ya usingizi ataje jina lake kamili, sehemu inayopasuliwa na upande. Wakimwuliza mara ya tatu, asikasirike; akasirike wasipomwuliza.