Kulea Mtoto kwa Mimea Tu: Anza na B12, Mengine Yatafuata

Sili nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali, na mwanangu ninamlea hivyohivyo. Ninamnyonyesha, ninambeba kwa mbeleko, ninamvisha nepi za kitambaa. Akina mama wanaotaka kufuata njia hii hunijia na maswali, na karibu wote huanza na protini: ataitoa wapi? Kusema kweli protini ndiyo inayonisumbua kidogo kuliko vyote. Mtoto anayenyonya vizuri, na baadaye akala dengu, maharage, tofu na siagi ya karanga, anaipata. Swali linalotakiwa kuulizwa kwanza, ikiwezekana kabla hata ya mimba kuingia, ni la vitamini B12. Na jibu lake haliko shambani wala sokoni.

B12 hutengenezwa na bakteria. Hakuna mmea unaoweza kuutegemea ukupe ya kutosha, hata kama kuna mtu amekuambia vinginevyo. Utasifiwa spirulina, ule unga wa kijani wa viumbe vidogo vya majini, lakini nyingi iliyomo humo ni ya aina ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Utaambiwa ule mboga bila kuziosha ili udongo ukupe bakteria. Udongo utakupa minyoo mapema zaidi.

Kinachofanya jambo hili liwe la hatari ni kwamba mama anaweza kuwa mzima kabisa. Ini la mtu mzima huhifadhi B12 ya kukaa miaka, kwa hiyo unaweza kula mimea tu kwa muda mrefu usione dalili yoyote. Mtoto hana akiba hiyo. Aliyezaliwa na mama mwenye upungufu huanza na kidogo, kisha ananyonya maziwa yenye kidogo. Baada ya miezi kadhaa anaanza kulegea, anapoteza hamu ya kula, hatabasamu kama zamani, shingo aliyokuwa ameanza kuikaza inamshinda tena. Akicheleweshewa tiba, ubongo unaweza kubaki na madhara yasiyofutika. Tena kuna mtego mwingine: sisi walaji wa mimea tunapata foleti (vitamini B9) kwa wingi kutoka kwenye majani na kunde, na foleti inaweza kuficha dalili za upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia. Kipimo cha wingi wa damu peke yake hakitoshi kukutuliza. Mwambie daktari apime B12 yenyewe.

Kiasi kinachopendekezwa nchini Marekani kwa mama anayenyonyesha ni mikrogramu 2.8 kwa siku. Ukiangalia kopo la vidonge utakuta namba kubwa mara nyingi kuliko hiyo, usishtuke: utumbo hufyonza sehemu ndogo tu ya dozi kubwa inayoingia kwa mkupuo. Mimi humeza changu kila siku, na tulipokaribia kumwanzishia mtoto chakula nilimwuliza daktari kuhusu matone yake mwenyewe.

Ninajua wapo wanaolea kiasili ambao kidonge kwao ni dhambi. Ukiwaambia B12 wanakujibu kwamba bibi zetu hawakumeza vidonge. Bibi zetu hawakuacha samaki na maziwa pia. Anayeamua kuondoa kundi zima la vyakula mezani kwa mtoto wake amejitwika kazi ya kujaza pengo, na sioni kwa nini tuone haya kulijaza kwa kidonge.

Na kwa kuwa tumeshafungua kabati la dawa, tumalizie. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kinashauri matone ya vitamini D ya IU 400 (IU ni kipimo cha kimataifa cha vitamini) kwa siku kwa kila mtoto anayenyonya, mama awe anakula nini. Soma lebo: vitamini D ya aina ya D3 mara nyingi hutokana na mafuta ya sufu ya kondoo. Ipo pia inayotokana na likeni, ule ukoga mkavu unaoota juu ya mawe na magome ya miti. Madini joto nayo yasisahaulike, hasa kama hunywi maziwa ya ng'ombe na chumvi yako si ile iliyoongezwa madini hayo. Shirika la Afya Duniani linataka mama anayenyonyesha apate mikrogramu 250 kwa siku. Usiyatafute kwenye mwani wa baharini, kwa sababu aina moja inaweza kuwa na chembe na nyingine ikawa na kiasi cha kuvuruga tezi ya shingo, yako na ya mtoto. Mafuta ya omega-3 aina ya DHA, ambayo watu huyafuata kwenye samaki, samaki wenyewe huyapata kutoka kwenye mwani mdogomdogo wa majini, na leo yanakamuliwa moja kwa moja kutoka huko. Ninayatumia.

Bado tuko kwenye sufu ya kondoo. Krimu nyingi za kupaka chuchu zilizopasuka zimetengenezwa kwa lanolini, ambayo ni mafuta yaleyale. Nilikuwa nikikamua matone machache ya maziwa yangu, ninayapaka, ninaacha yakauke. Ila chuchu zikiendelea kupasuka, tatizo mara nyingi liko kwenye namna mtoto anavyoshika ziwa, na hilo halitibiwi na krimu ya aina yoyote. Tafuta muuguzi au mkunga akutazame ukinyonyesha.

Kuhusu kunyonyesha kwenyewe sina mengi ya kuongeza. Ushauri unajulikana: ziwa ndani ya saa moja ya kwanza, maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, kisha chakula pamoja na ziwa hadi miaka miwili au zaidi. Kuna wanaouliza kwa mzaha, na wengine bila mzaha, kama maziwa ya mama yanaruhusiwa kwa mtoto wa mla mimea. Yanaruhusiwa. Mwenye maziwa ameridhia.

Zito ni pale maziwa yasipotosha, maana si kila mama anaweza kunyonyesha kadiri alivyotamani. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga karibu yote hutokana na ng'ombe. Yapo ya soya yaliyotengenezwa mahsusi kwa wachanga, yatumike kwa ushauri wa daktari, nayo wakati mwingine huwa na vitamini D ya sufu. Kisichofaa kabisa ni kujipikia mbadala nyumbani, iwe maziwa ya lozi, ya nazi, ya shayiri au uji mwepesi wa kwenye chupa. Wapo watoto waliofikishwa hospitalini wakiwa na matege na kiseyeye kwa sababu ya vinywaji hivyo, na wazazi wao hawakuwa watu wabaya. The Vegan Society, chama kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1944, kinaeleza maisha haya kuwa ni kuepuka kuwatumia wanyama kadiri inavyowezekana na kutekelezeka. Ninaishika sehemu hiyo ya mwisho kwa mikono miwili. Kama kopo lililopo ni la ng'ombe na mtoto ana njaa, mpe. Chanjo hali kadhalika: baadhi zina jelatini au zimepitia kwenye yai, na mwanangu anachanjwa kwa ratiba kama watoto wengine. Surua haiulizi mama anakula nini.

Sasa chakula, ambako kazi yenyewe iko.

Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 8, basi, anajaa kwa mililita 240, kikombe kimoja hivi. Fikiria sasa unakijaza kikombe hicho kwa supu nyepesi ya mboga na vipande vya tikitimaji. Ameshiba, na hakupata kitu. Vyakula vya mimea vina maji mengi na nyuzinyuzi nyingi, na nyuzinyuzi hizo zinazomsaidia mtu mzima kupunguza kitambi zinamshibisha mtoto kabla hajapata nguvu ya kutosha. Kwa hiyo ninapomwandalia ninawaza mafuta na uzito. Uji unakuwa mzito na unaingia kijiko cha siagi ya karanga au ya ufuta. Dengu zinapondwa na parachichi. Viazi vitamu vinapata mafuta. Kunde nyingine ninazichuja maganda, na nafaka zisizokobolewa ninazichanganya na zilizokobolewa. Hili la mwisho huwashangaza sana watu wa vyakula vya asili, lakini mtoto wa miezi saba si mtu anayetaka kupungua uzito. Anakula mara mbili au tatu kwa siku mwanzoni, na kuanzia miezi tisa mara tatu au nne, ziwa likiendelea katikati.

Madini ya chuma ndiyo yanayoninyima uvivu. Akiba aliyozaliwa nayo mtoto huanza kuisha karibu na miezi sita, na mahitaji yake kuanzia miezi saba hadi kumi na miwili, kwa vipimo vya Marekani, ni miligramu 11 kwa siku, kiasi kinachozidi cha baba yake, ambaye zinamtosha 8. Tena chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida. Ninaloweka maharage na dengu usiku, maji yale ninayamwaga, wakati mwingine ninaziacha zichipue kidogo, kwa sababu hiyo hupunguza faiteti zinazokamata chuma. Halafu kila chakula chenye chuma kinaandamana na kitu chenye vitamini C: chungwa, nyanya, pilipili hoho, papai. Chai simpi kabisa. Nafaka za watoto zilizoongezwa chuma kiwandani ninazitumia bila kusitasita, na kama kipimo kikionyesha chuma kimeshuka, atapata dawa ya maji ya chuma.

Ni haki kusema pia kwamba si wataalamu wote wanaounga mkono njia hii. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu kulisha watoto wa miezi 6 hadi 23 unapendekeza nyama, samaki au mayai kila siku. Chama cha lishe cha Marekani kiliandika mwaka 2016 kwamba mlo wa mimea tu uliopangwa vizuri unafaa umri wote, hata uchanga. Mwaka huohuo wenzao wa Ujerumani walisema hawaupendekezi kwa watoto. Mimi ninasoma hapo neno "uliopangwa". Mama asiye na uhakika wa kupata vidonge, vyakula vilivyoongezwa virutubisho na mahali pa kupima damu, ningemshauri akae na yai kwanza. Wenzangu wengine hawanipendi nikisema hivi.

Karanga zisikutishe kwa sababu ya mzio. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015, kwa watoto walio katika hatari kubwa ya mzio, ulionyesha kwamba waliolishwa karanga mapema, kabla ya mwaka mmoja, walipata mzio wa karanga kwa uchache mno kuliko walionyimwa. Kama mtoto ana ukurutu mkali au tayari ana mzio wa kitu kingine, anza chini ya uangalizi wa daktari. Wengine, kidogo kidogo, ikiwa siagi laini iliyochanganywa kwenye uji. Maziwa ya mimea ninayapikia, lakini hayawi kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja. Baada ya hapo ninatafuta ya soya yaliyoongezwa kalisi. Ya mchele siyanunui. Yana aseniki, ambayo ni sumu, na Uingereza inashauri yasitolewe kwa walio chini ya miaka mitano.

Mambo mengine ya malezi ya kiasili ni mepesi kuliko yanavyosifiwa. Nepi za kitambaa zinataka maji ya moto, suuza ya kutosha na jua. Kilainisha nguo usitie, kinafanya kitambaa kisinyonye. Usiku wa safari ninatumia za kutupa, na silali nikijilaumu. Kwenye mbeleko, uso wa mtoto uonekane muda wote na kidevu kisigandamane na kifua. Analala chali, kwenye kitanda chake, chumbani kwetu. Shanga za kaharabu za kutuliza ufizi nilipewa zawadi, nimezifungia kabatini. Dhidi ya maumivu hazifanyi kitu, na shingoni zinaweza kunyonga.

Kliniki usifiche. Akina mama wengi wanaokula mimea humdanganya muuguzi kuhusu chakula ili wasikemewe, halafu mtoto akidhoofika hakuna anayejua pa kuanzia. Sema waziwazi, taja vidonge unavyomeza, ikibidi beba kopo. Ukikutana na anayekufokea, msikilize hadi amalize, kisha omba kipimo. Chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2006 zilitokana na watoto walionyonyeshwa, kutoka Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, kwa hiyo kisingizio cha kwamba wanaonyonya hukua polepole kuliko mstari hakina nguvu sana. Mstari wa mtoto ukiinama ziara baada ya ziara, sikiliza mstari.

Na ndugu. Mama mkwe hatakuelewa kwa hotuba, atakuelewa akimwona mjukuu ana mashavu. Ukimwachia mtoto, mwachie na chakula kilichopikwa, na usimpe orodha ya makatazo marefu, kwa sababu orodha ndefu haifuatwi. Mimi humwambia mawili tu: asipewe karanga nzima wala zabibu nzima asije akapaliwa, na matone yake yako kwenye mfuko wa pembeni. Biskuti yenye maziwa ikimpitia siku moja kwa bibi yake, hiyo siigombei.